Shule inafunga wiki ijayo: tuwaandae vipi wanafunzi tunaowahofia kabla ya likizo ya Desemba?

Mlezi_WestNile

Habari zenu walimu, wazazi na wahudumu wa afya. Ninashughulikia malezi na ushauri katika sekondari ya bweni huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Likizo inayokuja ndiyo ndefu kuliko zote, wiki nane hadi tisa, mpaka muhula wa kwanza ufunguliwe Februari.

Orodha yangu ina majina kumi na mawili. Wawili wanatumia dawa, mmoja ya kifafa na mwingine ya sonona, na zote zinatunzwa na muuguzi wa shule. Yupo msichana wa S.2 (kidato cha pili) aliyefiwa na mama mwezi wa nane. Wapo wavulana wa S.3 ambao alama zimeanguka na usiku hawalali. Waliobaki ni wale ambao ukiwauliza lolote wanajibu "niko sawa, mwalimu".

Desturi ya shule nyingi ni kuwapanga wote uwanjani, kuwaonya juu ya makundi mabaya, kisha mabasi yanaondoka. Nataka kitu chenye kushikika. Nifanye nini katika siku tano zilizobaki? Wazazi niwaambie nini siku ya kuchukua ripoti? Na nitajuaje mambo yameharibika wakati mtoto yuko nyumbani na hana simu?

Nasaha_Mbale

Mwalimu, kwanza la kutofanya: usiwagawie shule nzima dodoso la PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona, wiki ya mwisho. Najua linavutia, maswali tisa tu na jumla ya alama 27. Lakini swali la tisa linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiokota karatasi mia tatu Alhamisi na mabasi yanaondoka Ijumaa, kuna watoto watakaokuwa wamesema jambo zito na hakuna aliyewajibu. Dodoso ni la katikati ya muhula, penye mtu wa kufuatilia.

Siku tano zinatosha mazungumzo ya dakika ishirini na kila mmoja wa hao kumi na wawili. Usianze na "unajisikiaje". Anza na ramani ya likizo: unaenda kwa nani, utalala chumba kimoja na nani, nani atakuwepo mchana, kazi zako zitakuwa zipi, siku gani unaiogopa. Hilo la mwisho hufungua mengi. Mmoja atataja siku baba anaporudi, mwingine Krismasi yenyewe, mwingine siku ya kusomewa ripoti mbele ya binamu zake.

Kisha mtafute pamoja mtu mzima mmoja aliye karibu na nyumbani. Si lazima awe mzazi. Shangazi, katekista, imamu, mhudumu wa afya wa kijiji, yeyote ambaye mtoto mwenyewe amemtaja. Mpigie mtu huyo mtoto akiwa ameketi hapo, mkubaliane. Jina lililoandikwa bila mwenyewe kujua halisaidii kitu.

Kuhusu simu: wengi wataomba ya mzazi, kwa hiyo mzazi atasikia. Pangeni wito wa kawaida kabisa, kwa mfano "mwalimu, naomba notisi za jiografia", wenye maana kwamba nipigie nikiwa peke yangu. Asiye na salio akubipu mara mbili. Na wewe weka siku zako za kupiga bila kusubiri: wiki ya kwanza, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na siku kumi kabla ya kufungua. Ratiba hiyo ipelekwe kwa mwalimu mkuu ili salio litoke kwenye bajeti ya shule. Ikitegemea mfuko wako, itakatika Januari.

Afisa_Tabibu_Akili

Nizungumzie hao wawili wa dawa, maana hapo ndipo likizo huharibu kazi ya mwaka mzima. Dawa iko kwa muuguzi, shule inafungwa, mzazi hajui hata jina lake.

Fanyeni hesabu. Wiki tisa ni siku 63. Anayemeza asubuhi na jioni anahitaji vidonge 126 kama kila mara ni kimoja. Kliniki nyingi hutoa dozi ya mwezi, basi atahitaji kurudi angalau mara moja katikati ya sikukuu. Kituo chenye siku moja tu ya kliniki ya akili kwa wiki kinaweza kukuta siku hiyo imeangukia tarehe 25 au Mwaka Mpya, na mgonjwa akarudi nyumbani mikono mitupu. Ulizeni mapema tarehe mbadala. Mpeni mzazi barua yenye jina la dawa, uzito wa kidonge kwa miligramu, saa za kumeza, na kituo cha afya ngazi ya nne au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu na nyumbani. Hospitali za rufaa za mikoa, Arua, Gulu, Lira, Mbale na nyinginezo, zina huduma ya afya ya akili, hivyo hakuna haja ya kufikiria Butabika, hospitali ya taifa ya akili kule Kampala, kama mlango wa kwanza.

Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikome. Degedege lililopita dakika tano ni la kukimbiza hospitali. Usimtie kijiko mdomoni; mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Mzazi aelezwe pia kwamba kukesha kanisani usiku wa Mwaka Mpya bila kulala kabisa ni kichocheo cha degedege. Aende ibadani, lakini alale mchana wake, na asikose dozi ya jioni.

Fluoxetine ya sonona huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nafuu. Kosa la kawaida ni mtoto kuchangamka nyumbani, jamaa waseme "kumbe alikuwa amechoka tu", dawa zikatupwa. Kama anatumia amitriptyline, nayo ni dawa ya sonona, mtu mzima aiweke chini ya kufuli na ampe kidonge kimoja kimoja, kwani ikizidi ni hatari kwa moyo.

Jambo moja kwa familia zote kumi na mbili, si hao wawili tu: dawa za kunyunyizia mazao na sumu ya panya zisikae chini ya kitanda wala nyuma ya mlango wa jikoni. Ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja, au zitunzwe kwa jirani mwenye stoo. Majaribio mengi ya vijana kujiua huja kwa ghadhabu ya muda mfupi baada ya ugomvi, na kilichofungiwa kinampa saa ile ya kupoa. Akishameza kitu, msimtapishe wala msimpe maziwa. Hospitali mara moja, na kile chombo cha sumu mkibebe.

Mama_wa_Bodi

Mimi niko upande wa wazazi, kwa hiyo nijibu swali la pili. Siku ya ripoti wazazi wanafikiria nauli na karo. Una dakika tano nao, na mkutano wa jumla hausaidii. Kwa wale kumi na wawili, waite pembeni, sema mambo matatu tu.

La kwanza, ripoti isomwe na mzazi na mtoto peke yao, na isiwe usiku ule ule wa kufika. Kulinganisha na mtoto wa jirani hakujawahi kupandisha hisabati ya mtu.

La pili ni usingizi. Bweni linaamsha saa kumi na moja alfajiri, wengine kumi. Kijana wa umri huu anahitaji saa nane hadi kumi. Akilala mpaka saa tatu wiki ya kwanza, huo si uvivu, analipa deni. Baada ya hapo apewe saa ya kuamka isiyobadilika na kazi inayojulikana mwisho wake: "chota maji madumu manne, kisha uko huru". Kazi isiyo na mwisho ndiyo huwachosha wasichana hasa, mchana wote jikoni huku kaka zao wako uwanjani. Simu nayo, mtoto aliyekaa muhula mzima bila simu ataikumbatia mpaka alfajiri. Usiinyang'anye, ichajiwe chumbani kwa mzazi kuanzia saa tatu usiku.

La tatu, dalili za kumpigia mwalimu bila kusubiri: wiki mbili mfululizo za kutokula vizuri, kujitenga na kukosa hamu ya alichokipenda, kugawa vitu vyake, kusema yeye ni mzigo, kuanza kunywa waragi, ile pombe kali. Na mzazi akihofia, aulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpi mtoto wazo, linampa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Kuhusu huyo msichana wa S.2: familia nyingi husogeza ibada za kumbukumbu na za kumaliza msiba mpaka Desemba kwa sababu watu wote wako kijijini. Aambiwe mapema nini kitafanyika na yeye atakaa wapi. Pia ulizeni nani anawapikia wadogo zake sasa. Mara nyingi jibu ni yeye, na hapo hapumziki wala hapati nafasi ya kulia.

Nasaha_Mbale

Nakubaliana na Mama, ila kwa sharti. Kabla hujamwita mzazi pembeni, mwulize mtoto ni lipi kati ya aliyosema linaweza kufika nyumbani. Kuna nyumba ambamo mzazi ndiye tatizo, na maneno yako ya huruma yatageuka fimbo usiku huo. Usimwahidi siri kamili, mwambie wazi: hatari ya maisha au unyanyasaji nitaupeleka mbele, mengine ni yako. Kwa unyanyasaji kuna Sauti 116, simu ya watoto, kupiga ni bure, na kuna kitengo cha familia na watoto polisi. Kila mwanafunzi akariri hiyo 116, asiandike tu kwenye daftari linalobaki bwenini.

Kwa walimu wa huku kwetu niongeze: miaka shufwa ni miaka ya imbalu, tohara ya jadi ya vijana wa Kigisu, na msimu unafika hadi Desemba. Mvulana anayekwenda likizo akijua wenzake wanamsubiri ana presha ambayo haionekani kwenye ripoti yoyote. Upande wa Sebei, jirani zetu wa mashariki mwa Uganda, msichana akisema hataki kwenda nyumbani Desemba, msikilize kwa makini. Ukeketaji umekatazwa kwa sheria tangu 2010, lakini sheria haipandi basi pamoja naye.

Mlezi_WestNile

Asanteni sana, nimeanza kuandika ratiba. Na S.4 wanaomaliza UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne? Hawarudi, na nina wasiwasi na siku ya matokeo.

Afisa_Tabibu_Akili

Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, siku hizi yanapatikana kwa ujumbe wa simu, hivyo kijana anaweza kuyaona peke yake gizani. Kubalianeni kabla: atayafungua akiwa na nani, na kesho yake atampigia nani. Mweleze leo, kabla ya matokeo, njia tatu zilizopo: kuendelea S.5, chuo cha ufundi, au kurudia mtihani. Akili iliyopigwa na habari mbaya haioni njia, inakumbuka tu iliyokwisha kuonyeshwa. Miezi ya kusubiri nayo isiwe mitupu. Vibanda vya kubeti viko kila kituo cha biashara, na ingawa sheria inataka mchezaji awe na miaka 25, mlangoni haulizwi mtu.

Mama_wa_Bodi

Na siku kumi za mwisho kwa wanaorudi. Saa ya kuamka irudishwe nyuma nusu saa kila baada ya siku mbili, si kwa mshtuko wa usiku mmoja. Anayeumwa tumbo kila ikitajwa shule, ulizeni kwanza habari za bweni, nani analala kitanda cha jirani, kabla ya kumpa dawa za minyoo. Karo ikiwa haijatimia, mzazi azungumze mwenyewe na bursar, yaani mhasibu wa shule, kabla ya siku ya kufungua, asimtume mtoto kusimama langoni na barua. Wewe mwalimu, siku hiyo uwe langoni na ile orodha. Jina ambalo halijafika hadi jioni ya siku ya pili, piga simu.