Kura 20 zilitupwa kwenye taka, kiti kikaamuliwa kwa kura 14, na sisi bado tunabishana kuhusu wadi za Nyamira

Wakuu, nina hasira leo na sitaificha. Atakayeudhika aniudhikie tu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye mchango wa matanga hapa Brooklyn Park, Minnesota. Pesa zikachangwa, ugali ukaliwa, halafu wanaume wakajikunyata kwenye kona yao kama kawaida. Wantam, Tutam, Wantam, Tutam (yaani Rais Ruto wa Kenya apate muhula mmoja au miwili), saa mbili nzima. Kulikuwa na mzee mmoja anayezijua wadi za Nyamira, kaunti ya kwao Kenya, kwa majina, na nani anamnyemelea MCA (diwani) gani mwaka 2027. Nikamuuliza kwa heshima zote, "Mzee, hapa unapoishi mwaka wa kumi na tisa sasa, eneo bunge lako ni namba gani?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya ndege. "Hayo ni mambo ya Wazungu, kijana." Kona yote ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala, na ndiyo maana naandika.

Kwa wasiojua (najua ni wengi): sizungumzii Congress ya Washington. Minnesota ina bunge lake. Jimbo limekatwa maeneo 67 ya Seneti, na kila eneo likapasuliwa vipande viwili, A na B. Hapo unapata viti 134 vya Baraza la Wawakilishi, na kila baada ya miaka miwili vyote vinagombewa upya. Kipande kimoja kina watu kama 42,000 tu. Kenya eneo bunge la kawaida lina watu zaidi ya laki moja na nusu. Yaani mbunge wa hapa ni mtu unayeweza kukutana naye dukani akichagua nyanya. Na ndio hao wanaoamua pesa za shule ya mwanao, bima ya hospitali, hata leseni ya udereva kwa asiye na makaratasi. Ile sheria ya leseni ya 2023 hamkuletewa na Washington, ilipitishwa hapa St. Paul, mji mkuu wa jimbo.

Sasa nisikilizeni habari ya 54A, pale Shakopee. Novemba 2024 Brad Tabke wa DFL, yaani Democrats wa hapa kwetu, anapambana na Aaron Paul wa Republican. Kura zaidi ya 20,000 zinapigwa. Zinahesabiwa, zinahesabiwa upya, Tabke anaongoza kwa kura 14. Kumi na nne! Hata daladala haijai.

Kumbe kuna kura 20 hazikuhesabiwa kabisa. Watu 20 walipiga kura mapema mwezi Oktoba, zikapokelewa, wakarudi makwao wakijua wamemaliza kazi. Kaunti ya Scott ilipozitafuta haikuziona. Uchunguzi wao wenyewe ukasema inaelekea zilitupwa na takataka, zikiwa bado ndani ya bahasha zake za siri.

Na taka. Ingekuwa ni kwetu hapo tungekuwa tumeshaziba barabara, tunaimba "fungua sava" hadi koo zikauke. Hapa hakuna aliyepiga hata firimbi, na nchi hii ndiyo inayotuma waangalizi kuja kutufundisha uchaguzi.

Kesi ikaenda mahakamani. Kaunti iliweza kuwatambua wale wapiga kura 20, kwa sababu rekodi za waliopiga zipo, isipokuwa haikujulikana kila mmoja alimpigia nani. Basi wakaitwa. Sita wakaapa mbele ya jaji kwamba walimpa Tabke. Pigeni hesabu wenyewe: 14 jumlisha 6 ni 20. Zikabaki kura 14. Hata zote 14 ukimpa Paul, bado anabaki nyuma kwa sita. Januari 14, 2025 jaji akasema Tabke ameshinda.

Niwaulize: wale sita wangeamka siku ya ushahidi wakasema "ah, kura yangu moja itafanya nini, kuna baridi, nina shifti," ingekuwaje? Hiyo sentensi ya "kura yangu moja" naisikia kwenu kila mwaka. Watu walilazimika kuacha shughuli zao waende mahakamani kutangaza siri ya kura zao ndipo zizingatiwe. Wewe wa kwetu mwajiri wako anatakiwa kisheria akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara, na huendi.

Msidhani nawatetea DFL. Nao wamenichefua kwelikweli. Eneo la 40B, Roseville na Shoreview, ni ngome yao, hata ukisimamisha mwiko unapita. Wakamsimamisha Curtis Johnson, akashinda kwa tofauti ya karibu asilimia 30. Katiba ya jimbo inasema mgombea awe ameishi ndani ya eneo kwa miezi sita kabla ya uchaguzi. Mahakama ikakuta hakuwa akiishi humo. Ushindi mkubwa namna ile, umepotea kwa jambo la anwani ya nyumba! Mtu anakosaje kujua anapolala?

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, kwa sababu uchaguzi ulikuwa umetoa viti 67 kwa 67. Sare. Johnson alipoondoka Republican wakabaki 67, DFL 66. Republican wakaona mwanya: tuchukue spika, na huyo Tabke naye tuone kama tutamkubali kiti. Jaji amesema ameshinda, wao wanataka kuonja kwanza. DFL nao, badala ya kuingia, wakasusa. Wabunge wao walikuwa wameshaapishwa kimyakimya Jumapili ya Januari 12 kwenye jumba la historia, siku mbili kabla ya bunge kufunguliwa, kama watu wanaofunga ndoa ya mkeka. Republican wakakaa peke yao, wakamchagua Lisa Demuth kuwa spika, wakapitisha mambo yao. Januari 24 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikawaambia akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge ili kikao kiwe halali, ni watu 68, kwa hiyo mliyoyafanya yote ni bure.

Zaidi ya wiki tatu bunge halifanyi kazi. Walikubaliana Februari 5 usiku: Demuth awe spika, Tabke abaki na kiti chake. Gavana naye alikuwa ameitisha uchaguzi mdogo wa 40B mapema mno, mahakama ikaufuta, ukafanyika Machi 11. DFL wakashinda kwa kishindo, tukarudi 67 kwa 67. Mzunguko wote huo ili tufike pale tulipoanzia.

Mkiuliza inatuhusu nini, ninayo orodha ya watu wa kanisani kwetu ambao inawahusu. Januari 1, 2025 watu wazima wasio na makaratasi walianza kuruhusiwa kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo. Mtu ana sukari, kwa mara ya kwanza anapimwa bila kukopa. Bajeti ilipofika, bunge likiwa sare, Republican wakasema bila kuifuta bima hiyo kwa watu wazima hakuna bajeti, serikali ifungwe. Juni 9 ikapigwa kura: 68 kwa 65. Hao 68 ni Republican 67 na mtu mmoja wa DFL, kiongozi wao Melissa Hortman, aliyepiga ili mapatano yasivunjike. Alilia mbele ya waandishi wa habari. Desemba 31 bima ikaisha.

Seneti iko kwa DFL kwa kiti kimoja, gavana ni wao. Kiti kimoja zaidi kule Barazani na mjadala huo wa kufuta usingekuwa na nguvu. Na wewe ndugu yangu wa Republican, najua upo, usinirukie: hesabu ni hiyohiyo upande wako. Kura 15 pale Shakopee na spika asingekuwa wa kubembelezwa.

Kuhusu Hortman siwezi kuandika mengi. Juni 14, siku tano baada ya kura ile, aliuawa pamoja na mumewe nyumbani kwao, hapahapa Brooklyn Park. Tuliambiwa tujifungie ndani huku helikopta zikizunguka. Septemba 16 ukafanyika uchaguzi mdogo wa 34B kujaza kiti chake, akashinda Xp Lee. Nikawauliza vijana wetu watatu wanaoishi eneo hilo, raia wote, kama walienda. Mmoja alisema hakujua tarehe. Mwingine aliuliza, "Kwani si tulishapiga mwaka jana?"

Kuna jambo kwenye mchujo linaniuma zaidi. Maeneo kama yetu yanaamuliwa Agosti, kwenye mchujo wa chama. Novemba ni kutia muhuri tu. Na Agosti ndiyo mwezi mnaosafiri kwenda nyumbani, ukirudi unalalamika umeletewa mbunge usiyemjua.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa "mambo ya Wazungu". Nilipofika nyumbani nikatafuta anwani yake kwenye tovuti ya bunge. Anaishi 38A. Mbunge wa 38A ni Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota. Na kwao ni wapi? NYAMIRA. Mzee anazijua wadi zote za Nyamira, ila binti wa Nyamira anayemwakilisha yeye mwenyewe hamjui.

Nyongeza: naona mnauliza. Mchujo ni Jumanne, Agosti 11, 2026, na uchaguzi ni Novemba 3. Viti vyote 134 vinagombewa, na Seneti pia. Hujajiandikisha? Minnesota unajiandikisha palepale kituoni siku hiyohiyo, na kama huna hati ya anwani, jirani aliyejiandikisha katika kituo chako anaweza kukudhamini. Upige kura mapema ukitaka, milango inafunguliwa siku 46 kabla. Lakini ni raia PEKE YAKE. Mwenye green card asithubutu hata kwa mzaha, ataharibu makaratasi yake na kurudishwa.

Mzee, ukisoma hapa: siku ya kura, saa kumi na moja jioni nitakupitia, kituo kinafungwa saa mbili usiku. Njiani unaweza kunieleza habari za wadi zako, nitasikiliza.