Naombeni ushauri: injini ilinoki Zambia, sasa mgongo na sukari vimenitoa kwenye usukani, na rejesho la lori halisubiri

Dereva wa Makambako:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina miaka 47, mke mmoja, watoto wanne, makazi Makambako. Nimeendesha malori ya matajiri miaka 16, njia ya Dar–Tunduma, kisha Zambia hadi Kongo. Mwaka juzi niliuza kiwanja, nikaongeza mkopo wa benki wa milioni 95, nikanunua Scania R420 ya mtumba pamoja na tela. Rejesho ni milioni 3.4 kila mwezi kwa miezi 36. Nimelipa miezi 19 bila kuruka hata mmoja. Nasema hili ili mjue si mtu wa kukimbia deni.

Februari nilikuwa narudi kutoka Lubumbashi, gari tupu, baada ya kulala foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku 9. Nilipokaribia Serenje injini ikanoki, yaani ikagonga na kuharibika kwa ndani. Kuvutwa, kuchonga kranki, vipuri kutoka Dar, fundi na kula yetu, jumla milioni 13 na laki 4. Mfukoni nilikuwa na milioni 5. Dalali aliyenipa mzigo wa kwenda hajanimalizia milioni 6.2 mpaka leo, nikipiga simu anasema mwenye mzigo naye hajamlipa. Kaka yangu alinisaidia, na kilichopungua, milioni 3, nikachukua kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Kadi ya benki ya mke wangu, ambaye ni mwalimu, wanayo wao.

Gari likapona. Aprili nikapata shaba ya kuleta Dar. Mgongo ulikuwa unaniuma miaka mitatu sasa, maumivu yanashuka pajani hadi kwenye nyayo, nami dawa yangu ilikuwa vidonge vya maumivu na kinywaji cha enaji ili nisisinzie. Siku hiyo nateremka mlima Kitonga na mzigo, nikagundua mguu wa kulia hausikii kanyagio la breki. Nilikuwa nainamisha macho kutazama mguu uko wapi. Wakuu, kwenye zile kona, na tani zile mgongoni, natazama chini. Nilifika Ruaha Mbuyuni nikaegesha, nikakaa mpaka asubuhi sijafumba jicho.

Vipimo: sukari 17.8, presha 172 kwa 104, na MRI inaonyesha diski imebana mshipa wa fahamu. Sina bima, vyote nimelipa taslimu. Daktari amesema nisiguse usukani angalau miezi mitatu. Tarehe 28 rejesho linanisubiri.

Kuna mtu anataka kununua gari zima, kichwa na tela, kwa milioni 68. Deni la benki limebaki kama milioni 51. Au nimpe utingo wangu wa zamani, kijana mwaminifu, ana leseni daraja E sasa. Au niendelee mwenyewe safari fupi fupi huku nikinywa dawa. Nifanye lipi? Mke wangu anajua ninaumwa, ila ya Kitonga sijamwambia.

Msafiri wa Uyole:

Pole sana mkuu. Hilo la tatu lifute kabisa. Safari fupi nayo ina miteremko na watoto wa shule wanaovuka barabara.

Mama Wawili:

Kaka yangu, mume wangu naye alikuwa na lori lake mwenyewe. Alikuwa akipiga simu kutoka Nakonde anasema kichwa kinamgonga, nikimwambia apime anajibu akishusha mzigo. Alipooza upande mmoja akiwa kwenye foleni. Aliishi miezi saba tu baada ya hapo. Mimi sikuwa najua anadaiwa nani wala anamdai nani, wala dalali gani amebaki na fedha zake. Watu walikuja msibani na makaratasi, nikawa nasaini huku nalia.

Mwambie mkeo leo. Mwambie ya Kitonga na umwonyeshe madeni yote. Tayari ametoa kadi ya mshahara wake kwa ajili ya hilo gari, ana haki ya kujua limefikia wapi.

Nesi wa Zamu:

Nitasema ya afya tu, mengine sijui.

Mguu kufa ganzi usiusukumie diski peke yake. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga msumari asijue. Inawezekana una vyote viwili, kwa hiyo hata mgongo ukitulia usijiruhusu kurudi barabarani kabla mguu haujapimwa uwezo wa kuhisi. Kagua nyayo zako kila jioni, na usitembee peku.

Vidonge vya maumivu, kama ni diklofenaki au vya jamii hiyo, mwambie daktari wako umevinywa kwa muda gani. Vinapandisha presha na vinaumiza figo, na wewe una sukari na presha pamoja. Omba wapime figo, na macho pia. Enaji acha leo. Kopo dogo la mililita 250 huwa na karibu gramu 27 za sukari, na madereva wanakunywa manne kwa usiku mmoja.

Ukiona mkojo unagoma au unatoka wenyewe, au ganzi imefika sehemu unayokalia, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mgongo wenyewe omba rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Wengi wa aina yako wanapona kwa mazoezi na dawa bila kupasuliwa, ila wanapona wakiwa wamepumzika, si wakiwa juu ya kiti kinachorusha.

Jambo jingine: ukianza dawa za sukari, siku utakayorudi kazini usiendeshe na njaa. Sukari ikishuka ghafla dereva anaweza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu akiwa kwenye usukani.

Afisa Mikopo Mstaafu:

Ndugu, nimekaa meza ya mikopo miaka 22, naomba unisikilize vizuri.

Mteja anayekuja kabla ya tarehe ya rejesho na mteja anayetafutwa baada ya siku 60 hawahudumiwi sawa. Nenda kabla ya 28. Peleka barua ya kuomba mkopo upangwe upya, ambatisha barua ya daktari, risiti za matengenezo ya Zambia na taarifa ya akaunti inayoonyesha hizo rejesho 19. Omba kitu mahususi: miezi mitatu ulipe riba tu, kisha muda wa mkopo uongezwe. Wakigonga muhuri nakala yako, itunze. Hawalazimiki kukubali, lakini hujawahi kuruka mwezi, na benki haina hamu ya kuegesha lori uani kwake.

Soma mkataba wako kipengele cha bima ya mkopo. Mara nyingi inalipa kifo na ulemavu wa kudumu, ugonjwa wa miezi mitatu haiugusi. Lakini isome, wewe ndiye unayeilipia. Na bima kubwa ya gari isikudanganye: inalinda gari. Hata ile kadi ya njano ya COMESA ni ya ajali, haina habari na sukari yako.

Huyo wa milioni 68, usiuziane naye kienyeji. Kadi ya gari ina jina la benki. Ukiamua kuuza, benki ikae mezani, deni likatwe hapo hapo na kadi ifunguliwe.

Kausha damu: mkeo aende benki yake kesho afunge ile kadi, apewe nyingine. Deni la milioni 3 litabaki na mtalilipa, lakini mtalilipa kwa makubaliano ya maandishi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Mwombe akuonyeshe yake.

Fundi wa Mizani:

Mimi nawatengeneza hawa Scania. Mkuu, injini hainoki bila kutoa taarifa. Ulibadilisha oili lini kabla ya kwenda Kasumbalesa? Presha ya oili ilikuwa inasomaje? Siku 9 za foleni unawasha, unasogea mita 20, unazima, injini inasaga saa nyingi ambazo kilomita hazionyeshi. Ukihesabu oili kwa kilomita peke yake inakuacha njiani.

Injini hiyo iliyotengenezwa upya imwage oili mapema, fungua filta uikate uangalie kama kuna chuma. Kama ni safi, milioni 68 ni bei ya mtu aliyesikia unaumwa. Usipokee.

Tajiri Mdogo wa Mlandizi:

Fundi, wewe unaliangalia gari, mimi namwangalia mwenye gari. Niliwahi kuumia goti nikampa kijana wangu mwaminifu gari langu. Miezi minne. Mafuta yalinyonywa, tairi mbili mpya zikageuka za zamani, kila safari hesabu inapungua. Sisemi kijana wako ni mwizi. Nasema njia ya Kongo ni ndefu, na wewe utakuwa umelala kitandani huoni kitu. Uza, lipa benki, anza na Fuso, lori dogo.

Na kama utampa, ujue umekuwa mwajiri. Mkataba wa maandishi, NSSF ya mafao ya uzeeni, na umsajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Nilipokuwa dereva wa watu niliumia mkono, WCF ikanilipa kwa sababu tajiri alikuwa anachangia. Nilipoumia goti na gari langu mwenyewe hakukuwa na wa kunilipa.

Fundi wa Mizani:

Tajiri, hapo nakubaliana na wewe juu ya Kongo. Asimpeleke Kongo. Ampe mbolea kutoka Dar hadi Makambako na arudi na mbao za Mafinga. Siku nne gari lipo nyumbani, mwenye gari anapiga kijiti cha oili kwa mkono wake.

Mama Wawili:

Na bima, kaka. Sisi Njombe tulikuwa tunakata CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, inafika hadi hospitali ya mkoa. Mume wangu aliiona ni ya wanakijiji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023, kwa hiyo nenda ofisi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ukaulize sasa vifurushi vikoje na unasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa. Ukipata nafuu, ulizia pia skimu ya NSSF ya waliojiajiri.

Dereva wa Makambako:

Nimerudi wakuu, ni siku ya kumi na moja leo. Nawashukuru mmoja mmoja.

Nilimwambia mke wangu. Ya Kitonga ilimchoma zaidi ya madeni. Alinyamaza usiku mzima, asubuhi akachukua daftari la shule akaandika tunadaiwa nani na nani anatudai. Kadi yake amefunga. Mkopeshaji alikuja nyumbani na maneno makali, tulipomwomba leseni akaanza kuongea taratibu, tumesaini kumlipa kwa miezi sita.

Benki nilikwenda tarehe 22 na barua. Wamepokea, wamegonga muhuri, wakatuma mtu kukagua gari. Jibu rasmi bado. Dalali nimemwandikia barua ya madai, amelipa milioni 2 na kuahidi zilizobaki.

Mwenye milioni 68 nimemjibu hapana kwa sasa. Utingo wangu amesaini mkataba wa miezi mitatu, Dar na Makambako tu. Filta tulikata, ni safi. Nesi, nilipimwa figo, zimeanza kuchoka kidogo lakini daktari anasema tumewahi. Sukari jana asubuhi 9.1. MOI nina tarehe.

Safari ya kwanza ya kijana imeleta mbolea salama. Nilisimama getini nikimwangalia anarudisha tela kinyumenyume, mikono yangu ikawa inazungusha usukani hewani.

Kama kuna mdau ana mbao Mafinga za kwenda Dar wiki hii, gari lipo tupu. Dereva ni yeye, mimi napokea simu tu.