GPS iwe akiba au iwe ya mbele? Tusaidiane, watu wa bahari

Kasia Nungwi: Wadau, kuna kijana hapa kwetu kanunua kayaki, anataka kwenda nayo kisiwani Tumbatu. Ana dira na simu yenye GPS. Namwambia ajifunze kwanza alama za nchi kavu, bamvua na maji mafu (siku maji yanapojaa na kupwa sana, na siku yanapojaa na kupwa kidogo), GPS iwe akiba. Anasema hayo yamepitwa na wakati. Mnasemaje?

Baharia 78: Mwambie Ibn Majid, yule baharia Mwarabu wa zamani, hakuwa na simu, na ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India, 1498. Vijana wa leo betri ikiisha wanalia.

Bi Mkokotoni: Wanalia? Mwanangu ni mvuvi. Masika iliyopita mvua ilifunga, kisiwa hakionekani. Kwa dira omo, mbele ya chombo, umeelekea Tumbatu sawasawa, kumbe mkondo unamkokota kaskazini. Alama kwenye simu ndiyo iliyomwonyesha anakwenda kombo. Dira haisemi hilo.

Baharia 78: Dada, sikumtaja mwanao. Ila mvuvi wa kweli angeyasoma maji.

Bi Mkokotoni: Mvuvi wa kweli! Wewe unavua wapi, bwana?

Msomaji Malindi: Jamani, huyo rubani wa 1498 wanahistoria wengi hawakubali kuwa ni Ibn Majid. Wapo wanaosema ni Mgujarati.

Baharia 78: Sasa hata hilo tunanyang'anywa? Mtu aliyepima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa kibao na uzi wenye mafundo!

Msomaji Malindi: Elimu yake hakuna anayeikataa, kaka. Safari ile tu ndiyo haijathibitika kuwa yake. Na kwao ni Julfar, Ghuba ya Uajemi, si Malindi.

Baharia 78: Nani kasema Malindi? Soma nilichoandika.

Fundi Simu: Kijana asidanganywe pia kwamba GPS inataka mtandao. Ramani akiipakua nyumbani, simu inapokea satelaiti bila bando. Shida ni kioo. Mwaka jana yangu ilikuwa ndani ya nailoni, maji ya chumvi yametapakaa juu, nagusa haisikii, nafuta kwa shati lililolowa, ndiyo kwanza inafungua kamera. Giza linaingia. Nikaushika mnara wa taa wa Nungwi mpaka pwani.

Kasia Nungwi: Hilo ndilo ninalomwambia! Mnara aujue kabla simu haijalowa.

Bi Mkokotoni: Na mvua ikiuficha mnara? Mbona hakuna anayenijibu la mwanangu?

Baharia 78: Nimekujibu, dada. Maji.