Tupeane uzoefu: matunzo na malezi ya watoto baada ya talaka

Wakuu, mnaoyajua mashauri haya tuwekeeni mambo ya kufanya, si malalamiko.

Naanza na matunzo. Ukiomba "pesa ya kutosha" hakimu hana pa kushika. Peleka jedwali la matumizi ya mwezi lenye risiti. Ada, sare na bima hulipwa kwa mwaka au muhula, kwa hiyo jumlisha ya mwaka mzima ugawe kwa 12. Kodi ya nyumba usiibebeshe yote kwa mtoto: kama mnaishi watatu, andika theluthi. Hapo ndipo wengi hupoteza, kwa sababu wakili wa upande wa pili akikuta kipengele kimoja kimetiwa chumvi, hutilia shaka jedwali zima.

*Mdau wa 2*
Nakazia. Kipato cha mwenzako nacho kinahitaji ushahidi. Mwajiriwa ana hati ya mshahara. Aliyejiajiri atasema biashara imekufa, hivyo tafuta leseni, miamala na mikopo aliyopewa, maana benki haimkopeshi asiye na kipato. Halafu usisubiri hukumu ya talaka, omba amri ya muda ya matunzo mapema.

Mlipaji naye asitoe taslimu mkononi. Alipe kwa benki au simu, aandike "matunzo" na mwezi husika. Nguo na zawadi mara nyingi hazihesabiwi. Kazi ikiisha, asijipunguzie kiasi mwenyewe. Aombe mahakama ibadilishe amri haraka, kwa sababu hadi ibadilishwe malimbikizo yanaendelea kukua.

*Mdau wa 3*
Jamani, matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti! Asiyelipa anadaiwa kwa njia ya kukazia amri, yaani kuiomba mahakama ilazimishe itekelezwe, si kwa kufichwa mtoto. Aliyenyimwa mtoto naye asikate pesa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 9, unaiweka haki ya kuonana na wazazi wote wawili kuwa ya mtoto mwenyewe, isipokuwa pale inapomdhuru.

Makubaliano ya "atamwona akipata nafasi" huzaa ugomvi kila wiki. Andikeni: Jumamosi saa 3 asubuhi hadi Jumapili saa 11 jioni, nani anamfuata, wapi, akichelewa asubiriwe dakika ngapi, likizo zinagawanywaje, pasipoti anashika nani. Begi liende na dawa, maelezo ya dozi na daftari za shule. Palipokuwa na kipigo, makabidhiano yapitie kwa mtu wa tatu, wazazi wasikutane.

*Mdau wa 4*
Na moyo wa mtoto je? "Mwambie baba yako ada haijalipwa" ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka 7. Tumianeni ujumbe wenyewe. Akianza tena kukojoa kitandani, au tumbo kumuuma kila siku ya kubadilishana, msimhoji kama shahidi. Mwambieni wazi kuwa talaka haikusababishwa naye, na mrudie kumwambia, kwani mara moja haimwingii. Kifungu cha 12 cha huo Mkataba wa Haki za Mtoto kinampa haki ya kusikilizwa. Hakimlazimishi achague mzazi.

*Mdau wa 2*
Nyongeza kwa ambao wenzao wamemtorosha mtoto nje ya nchi: Mkataba wa The Hague wa 1980, wa kuwarudisha watoto waliotoroshwa hivyo, unawahusu walio chini ya miaka 16, nchi zote mbili zikiwa zimeuridhia. Fungua ombi kabla ya mwaka 1 kuisha tangu aondolewe. Ukipita, mwenzako anaweza kujitetea kuwa mtoto ameshazoea makazi mapya.