Walimu wa urubani, mnatukaririsha QNH na QFE kama kasuku hadi lini?

Wakuu, nimechoka na leo naitapika. Mwalimu anaandika ubaoni QNH, QFE, 1013 (namba za mgandamizo wa hewa ambazo rubani anaiwekea altimeta, yaani kifaa cha kuonyesha kimo cha ndege), anasema "karirini, hii lazima itoke kwenye mtihani", kisha anafuta. Ukiuliza kwa nini, wewe mjuaji. Ukifungua madesa, sentensi ni zilezile, hadi makosa ya uchapaji.

Jambo la kuanza nalo siku ya kwanza hawalisemi: altimeta haijui kimo! Inapima mgandamizo wa hewa tu, halafu inahesabu futi kuanzia namba ya mgandamizo uliyoiweka wewe kwenye kidirisha chake. Ukiweka QNH, inahesabu kuanzia usawa wa bahari, ndiyo maana ndege ikiwa imeegeshwa inasoma mwinuko wa uwanja. Ukiweka QFE, inahesabu kuanzia uwanja wenyewe, kwa hiyo inasoma sifuri palepale. Ukipanda kupita kimo cha mpito (kimo kilichopangwa cha kuacha QNH), wote mnaweka namba moja, 1013, kwa sababu huko juu shida si bahari iko wapi, shida ni ndege zisigongane. Dakika tano zinatosha kueleza hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni ile hesabu ya kugeuza tofauti ya mgandamizo kuwa futi. "Hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo, ndicho cha hiyo 1013) ni futi 27, zidisha." Nizidishe, sawa, halafu nijumlishe au nitoe? Hapo ndipo watu wanapofia, na hapo ndipo madesa yanaponyamaza. Ukitoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda mdogo bila kugusa kidirisha, altimeta inakudanganya kwamba uko juu kuliko ulipo.

Mei 2022, Paris Charles de Gaulle, marubani wa A320 walipewa QNH 1011 wakati halisi ilikuwa 1001. Ni tarakimu moja tu, lakini ni futi 280 hivi. Mvua inanyesha, njia ya kutua hawaioni, na njia yao ya kushuka ilitegemea altimeta hiyohiyo, kwa hiyo viashiria vya njia hiyo vilionyesha wako sawa. Altimeta ya redio (hiyo inapima umbali hadi ardhini kwa mawimbi ya redio, haitegemei mgandamizo) ilisoma futi 6 kutoka ardhini, na njia ya kutua bado iko mbele! Walinusurika kwa kuwa walikuwa wameshaanza kupaa tena. Tukio kama hilo mtu anawezaje kufundisha somo hili bila kulitaja?

Halafu kuna mtego wa vipimo. Mwongoza ndege anasema "992" akimaanisha hektopaskali, rubani aliyezoea inchi za zebaki (kipimo kingine cha mgandamizo) anasikia 29.92, ambayo ni sawa na 1013, anaweka. Tayari altimeta inasoma zaidi ya futi 500 juu ya ukweli. (Hewa ya baridi kali nayo inaongeza uongo wake, ila hiyo kwetu ilipewa mstari mmoja.)

Mwenye maelezo yanayoeleweka ayaweke hapa. Anayekuja kuniambia "wewe fuata silabasi tu" asijisumbue.