Papa ni mkuu wa Wakristo wote, au ni askofu wa Roma tu?

Mlei wa Kigamboni
Wapendwa, tangu Kardinali wetu Protase Rugambwa aingie kwenye konklavu, mkutano wa makardinali wa Mei 2025 uliomchagua Papa Leo XIV, kila ninapokaa na wasio Wakatoliki naulizwa nani kampa Papa mamlaka juu ya wengine. Najibu hapa. Mathayo 16, Bwana anamkabidhi Petro funguo za ufalme wa mbinguni. Baada ya Petro Roma ikawa na Lino, Anakleto, Klementi, na askofu Ireneo wa Lyon aliiandika orodha hiyo tangu karne ya pili. Sisi mnyororo wetu tunaujua. Mtuonyeshe wa kwenu. Dereva asiye na leseni, hata akisema ameitwa na Roho, basi lake mimi sipandi.

Chuma cha Mbagala
Leseni? Huyo mchungaji wetu unayemwita hana leseni alikesha na mama yangu wodini, asubuhi akatoka pale akaunganisha msibani Rangi Tatu bila hata chai. Mnyororo wako ulikuwa wapi usiku ule? Halafu soma Wagalatia 2:11. Paulo alimkabili Petro uso kwa uso Antiokia, mbele za watu. Na nyie 1870 mkatangaza Papa hakosei!

Mlei wa Kigamboni
Kaka, hakuna aliyesema hakosei chochote. Mtaguso wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka huo, ulisema ni pale anapotamka rasmi, kwa mamlaka yake yote, fundisho la imani au maadili kwa Kanisa zima. Tangu hapo imetokea 1950, Pius XII alipotangaza Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Petro kule Antiokia alikosea mwenendo, alijitenga mezani na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa Wayahudi. Hakufundisha uongo. Na mchungaji wako simjui, sijamtukana.

Chuma cha Mbagala
Umemtukana. Rudi juu usome ulichoandika.

Mzee wa Usharika
Vijana, mnabishana kama vile Ukristo ni Roma na walokole basi. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tupo. Askofu wa kwanza wa Walutheri Bukoba, 1961, alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, na Kanisa la Sweden halikukata mfululizo wa maaskofu wakati wa Matengenezo, Waprotestanti walipojitenga na Roma. Ila mimi sisimamii hapo. Katika 2 Timotheo 2:2 Paulo anamwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia. Mambo aliyoyasikia, si kiti! Na Mlei atuambie: kuanzia 1378 hadi 1417 mlikuwa na mapapa wawili, mmoja Roma na mmoja Avignon, Ufaransa, mwisho wakafika watatu, kila mmoja akiwatenga wenzake. Mnyororo ulipita kwa yupi?

Sauti ya Pili
Shikamoo Mzee. Ulipita kwa wa Roma, Gregori XII. Alijiuzulu 1415 wakati wa Mtaguso wa Konstansi, wale wengine wakaondolewa, akachaguliwa Martini V. Lakini kama husimamii kwenye mfululizo, mbona umetuanzia na Sundkler?

Mzee wa Usharika
Marahaba. Nimeanza naye kwa sababu mwenzako kasema tumuonyeshe wa kwetu. Nikionyesha nalaumiwa, nisipoonyesha sina leseni. Na hilo jibu lako la Gregori ni la kutazama nyuma. Mkristo wa 1410 angejuaje amfuate nani? Watakatifu wenu wenyewe waligawanyika: Katarina wa Siena upande wa Roma, Vinsenti Ferreri upande wa Avignon.

Chuma cha Mbagala
Hapo Mzee umemaliza.

Mama Wawili
Naomba niingilie, maana mnaongea karne ya 15 na mimi yamenikuta juzi. Mimi Mlutheri, mume wangu Mkatoliki, tulifunga ndoa mseto parokiani kwa kibali cha askofu. Ubatizo wangu ulikubaliwa, hakuna aliyeniambia nibatizwe upya. Komunyo ya kwanza ya mwanangu nilishona gauni mimi, pilau la jumuiya nzima nikasimamia mimi. Ilipofika kupokea, benchi lote likanyanyuka nikabaki na mikoba ya wenzangu mapajani. Mtoto anarudi ananiuliza, "Mama, mbona wewe hujaenda?" Nimjibu na Ireneo?

Mlei wa Kigamboni
Dada, pole. Lakini si chuki. Kupokea ni kutamka kwamba uko katika ushirika kamili na askofu na Papa. Ndiyo maana tunashikilia urithi wa mitume, yaani mfululizo wa maaskofu tangu mitume, kwani padre asiyewekwa wakfu kihalali, bila daraja halali, hawezi kuadhimisha Ekaristi. Kanuni ya 844 ya sheria za Kanisa letu inaruhusu Mkristo asiye Mkatoliki apewe akiwa katika hatari ya kufa au shida nyingine kubwa, kama hawezi kumpata mchungaji wake, ameomba mwenyewe, na anaamini Ekaristi kama sisi.

Chuma cha Mbagala
Yaani mama wa watu asubiri afe?

Sauti ya Pili
Chuma, kasema pia shida kubwa. Soma yote.

Mzee wa Usharika
Mama, siku hiyo padre alikuita hata mbele kwa baraka?

Mama Wawili
Hapana. Na Mlei, umenijibu kuhusu padre, mimi nimeuliza kuhusu mimi. Padre wa siku ile ni wenu, daraja lake halali. Mwili wa Kristo uliokuwa pale mnauamini na mimi nauamini. Ubatizo wangu mmeukubali. Kilichopungua ni nini, zaidi ya jina la Papa? Mdogo wake anaanza mafundisho Januari, nataka jibu ambalo mtoto wa darasa la tatu ataelewa.