Siku ya 19 tangu nipasuliwe bega, mama mkwe ameniletea mchuaji. Nifanyeje?

KitumbuaMoto (mleta uzi)

Wana jamvi, wakubwa shikamooni. Mnisamehe herufi zikikosewa, naandika kwa kidole gumba cha kushoto.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Ngamiani, Tanga, napika vitumbua vya asubuhi. Nilianguka na bodaboda njia ya Pongwe, nikatua na bega la kulia. Miezi minne nilidhani ni misuli tu, nachua, nameza dawa, mkono haupandi. Mwisho nikapigwa picha Dar, ikaonekana kano ya bega, ule ukano unaofunga msuli kwenye mfupa, imechanika. Nikapasuliwa, kano ikashonwa kwenye mfupa, kesho yake nikaruhusiwa. Karatasi niliyopewa imeandikwa avae slingi (kitambaa cha kubebea mkono shingoni) wiki 6, arudi kliniki baada ya wiki 6. Basi. Hakuna aliyeniambia nalalaje, naogaje, nakulaje.

Nyuzi za nje zimeshatolewa, kidonda kimekauka. Lakini usingizi hakuna, ikifika saa nane usiku nimekaa kitako naangalia paa. Kwapa linawasha kwa joto letu hili. Na kula kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe nimeshindwa, nakula wakishaondoka.

Kubwa lililonileta ni hili. Mama mkwe amekuja toka Pangani, na amemwita bibi mmoja mchuaji, watu wanamheshimu sana. Anasema mkono ukiachwa umefungwa utaganda, lazima uvutwe mapema. Mafuta ya nyonyo yako mezani hapa. Mama mkwe ndiye ananiogesha, ananivisha, ananipikia. Sina mdomo wa kumwambia hapana. Bibi anakuja kesho baada ya alasiri.

NyavuZaSahare

Pole sana dada. USIKUBALI. Mimi ni mvuvi, nilishonwa kano kama wewe. Wiki ya tano maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa, nikajiona mzima. Nikashika kamba ya mtumbwi nivute mara moja tu. Nikasikia kitu kimeachia ndani ya bega, kama uzi wa gunia ukikatika. Nilirudi kwenye kisu mara ya pili, na msimu mzima sikuingia baharini, watoto wakakaa nyumbani kwa ada. Hapo nilivuta mwenyewe, tena mara moja. Sasa mtu akushike akuvute robo saa?

MnaziMkavu

Mimi nilichuliwa bega wiki mbili na nikapona, nalima mpaka leo. Tusiwadharau wazee wetu.

MkonoUtapanda

Kaka, lako lilikuwa limeteguka au misuli imekaza, halikupasuliwa. Hakuna anayemdharau bibi, ila bega la dada lina mshono ndani ambao macho hayauoni.

Dada, mimi kazi yangu ni mazoezi tiba. Kano ikishonwa kwenye mfupa haishiki upesi. Wiki hizi za mwanzo kinachoishikilia ni uzi, nyama bado inaota taratibu. Ndiyo maana ya hizo wiki 6 za slingi, na ndiyo maana kunyanyua vitu vya maana huwa hatuanzi kabla ya wiki 12 hivi. Ngozi kukauka hakukuambii chochote kuhusu kano.

Mama mkwe wako ana jambo moja la kweli: bega lililofungwa hukakamaa. Dawa yake ni mazoezi mepesi ya mpangilio, siyo kuvutwa. Vidole, kiganja na kiwiko vichezeshe kila siku, mkono ukiwa umebanwa ubavuni. Kuna zoezi la kuning'iniza: unainama, mkono mzima umeshika meza, mbovu unaning'inia kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Unayumbisha kiwiliwili, mkono unafuata wenyewe, hauuendeshi. Hilo USILIANZE mpaka daktari aliyekupasua aseme ndiyo, maana mchaniko mkubwa huchelewesha. Mpigie leo, usingoje wiki ya sita. Na hospitali ya Bombo hapo Tanga wana watu wa mazoezi, nenda na karatasi yako.

Usiku usilale flati. Panga mito mgongoni uwe nusu umekaa, slingi usivue, na mto mmoja mdogo nyuma ya kiwiko. Ukiegemea lazima uone kiwiko chako. Usipokiona, kimeangukia nyuma na kinavuta mshono, ndiyo maana unaamka saa nane.

Kwapa: inama mkono uachane na mwili wenyewe, usiuinue. Pitisha kitambaa chenye maji na sabuni, kausha vizuri, kisha weka kipande cha kanga ya pamba iliyochakaa. Nguo, mkono mbovu unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Ukiona usaha, homa, bega kuvimba na kuwa la moto, au ganzi mpya vidoleni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, usisubiri hata saa moja.

UkokoWaWali

Marahaba mwanangu. Mimi ni mama mkwe wa watu wawili, nikwambie tunavyofikiri. Tukiona mkwe anaumia na hatuna la kufanya, tunatafuta la kufanya. Usimwambie hapana wewe. Mumeo aseme, ni mama yake. Mchukue mama muende naye Bombo, asikie kwa masikio yake.

Na bibi wa watu msimrudishe mlangoni. Chai iwepo. Mpe mkono wa kushoto auchue, maana huo sasa ndio unafanya kazi ya miwili, najua unauma.

Kula kwa kushoto ni dharura, hakuna atakayekulaumu. Omba kijiko, kula nao. Swala kaa kwenye kiti, usiegemee huo mkono kwenye kusujudu.

KitumbuaMoto (mleta uzi)

Mrejesho. Machozi yamenitoka kusoma, Mungu awalipe. Daktari nimempata kwenye simu: kuchuliwa hapana kabisa, kuning'iniza nianze wiki ijayo chini ya mtu wa mazoezi. Mume wangu amesema na mama yake usiku, sikuwepo, sijui walisemaje. Asubuhi tumekwenda Bombo wote watatu. Mama ameuliza maswali kuliko mimi.

Bibi alikuja. Amenichua mkono wa kushoto mpaka nikasinzia kitini, kumbe ulikuwa umekaza vile. Chupa ameniachia.

Usiku nimelala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza tangu nirudi. Mama aliingia mara mbili na tochi ya simu, anaulizia mlangoni kwa sauti ya chini: "Kiwiko unakiona?"